Farasi wa miaka 22, baridi yabisi kwenye kifundo cha nyuma: nimsaidieje bila kumharibu tumbo na figo?

Singa_Ndefu:
Wakuu, naomba mawazo yenu. Farasi ni dume aliyehasiwa, miaka 22, hafanyi kazi nzito tena. Anapandwa kidogo mara mbili kwa wiki. Ni miezi mitano sasa mguu wa nyuma wa kulia unaamka mgumu. Hatua fupi, ncha ya ukwato inaburuzika, na akigeuzwa kulia anasita. Akishatembea dakika kumi hivi analegea. Daktari wa mifugo alimpiga eksirei: vile viungo viwili vya chini vya kifundo cha katikati ya mguu wa nyuma vimebana na mfupa umeota pembeni. Akasema ni baridi yabisi, akaacha dawa ya maumivu, fenilibutazoni ya unga.

Hali ilivyo sasa: gramu 1 asubuhi na gramu 1 jioni, wiki ya sita hii. Siku akizidiwa namwongezea meloksikamu. Namfungia bandani ili mguu upumzike. Nyasi kavu anakula atakavyo, pamoja na kilo 3 za nafaka kwa siku kwa kuwa ni mzee. Mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele ni sm 178, urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako ni sm 160.

Maswali: dozi hii naweza kuendelea nayo? Sindano ya ndani ya kiungo inafaa kwa umri huu? Na glukosamini, kile kirutubisho cha viungo, inasaidia kweli?

Dozi_Kwanza:
Mkuu, kabla ya lolote: acha meloksikamu leo. Hiyo na fenilibutazoni ni dawa za kundi moja, dawa za maumivu zisizo steroidi, na ukizipanga pamoja maumivu hayapungui mara mbili. Kinachoongezeka ni vidonda vya tumbo, kuharibika kwa utumbo mpana na kufa kwa sehemu ya ndani ya figo. Hakuna siku mbaya kiasi cha kuhalalisha mchanganyiko huo.

Sasa uzito. Chukua mzunguko wa kifua, uzidishe kwa wenyewe, uzidishe kwa urefu, ugawe kwa 11,880. 178 × 178 × 160 ÷ 11,880 = kilo 427 hivi. Fenilibutazoni huanza na miligramu 4.4 kwa kila kilo, mara mbili, kwa siku ya kwanza tu. Baada ya hapo ni miligramu 2.2 kwa kilo mara mbili kwa siku kwa muda mfupi, kisha mara moja kwa siku, kisha siku moja ndiyo moja hapana ikiwezekana. Kwa kilo 427, miligramu 2.2 ni miligramu 940. Wewe unampa 2,000 kwa siku, yaani 4.7 kwa kila kilo, kwa wiki sita mfululizo. Hiyo ni dozi ya siku chache umeigeuza mlo wa kila siku. Wengi huanguka hapa kwa sababu paketi imepangwa kwa farasi mkubwa wa kilo 450 hadi 500 na mtu hapimi.

Mpigie daktari wako, mjadili kushuka hadi gramu 1 tu kwa siku, kwa mkupuo mmoja. Na aombe damu: albumini, protini jumla, kreatinini. Albumini ikishuka ni dalili ya mapema kwamba utumbo mpana unavuja, mara nyingi kabla hujaona kuhara. Wewe angalia kama anapoteza hamu ya nafaka huku nyasi akiendelea kula, kama anasaga meno, kama kinyesi kimelainika, na kama miguu au tumbo la chini limevimba kwa maji.

Maji safi yawepo muda wote. Farasi aliyekaukiwa maji na fenilibutazoni mwilini, figo zake ndizo zinalipa.

Malishoni:
Naongezea pale mwenzangu alipoishia, kuhusu banda. Kumfungia ndiko kunamkaza. Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, halina mshipa wa damu wa kulilisha. Gegedu linapata chakula kwa ute wa kiungo kukamuliwa na kuachiwa farasi anapokanyaga. Akisimama saa 20, ute hauzunguki, misuli ya tako inapungua, na kiungo kinakosa kitu cha kukishika. Wewe mwenyewe umeandika kwamba akitembea dakika kumi analegea. Hilo ndilo jibu lake.

Mtoe nje muda mrefu iwezekanavyo, kwenye uwanja ulio sawa, usio na mchanga wa kuzama wala kokoto. Kama hawezi kuachwa huru, mwongoze kwa mkono hivi: wiki ya kwanza dakika 10 asubuhi na 10 jioni, mstari mnyoofu. Kila wiki ongeza dakika 5 kwa kila safari hadi ufike 30 au 40. Telki (mbio za polepole) isiingie mpaka ametembea kawaida dakika 15 za kwanza, na iwe vipande vifupi. Kumzungusha kwa kamba ndefu sahau kabisa; duara dogo linasokota vile viungo vya chini na ndivyo hasa vinavyouma. Kigezo ni asubuhi ya pili yake: akiamka mgumu kuliko jana, rudi hatua moja nyuma. Usimhukumu kwa alivyo mara baada ya kazi, mwili ukiwa moto kila farasi anaonekana mzima.

Nafaka kilo 3 ni za nini kwa farasi asiyefanya kazi? Uzee peke yake si sababu. Pima nyasi kavu: asilimia 1.5 ya uzito wake kwa kipimo cha lishe isiyo na maji, yaani kilo 6.4, ambayo kwenye mizani inakuwa kilo 7 na kidogo za nyasi kavu, kwa sababu nazo zina unyevu. Usishuke chini ya hapo, tumbo tupu na fenilibutazoni ni kualika vidonda. Nafaka ipunguze taratibu kwa siku 10 hivi, ubakize kiganja cha kuchanganyia dawa na madini. Papasa mbavu: unatakiwa uzihisi kwa kidole bila kubonyeza, lakini usizione. Kila kilo iliyozidi inakanyaga kiungo kile kile.

Kamba_Tatu:
Glukosamini mimi nasema mpe, haina madhara.

Dozi_Kwanza:
Haina madhara makubwa, sawa, lakini pesa ni ileile ungelipia kipimo cha damu. Kwa farasi glukosamini ya kinywani inaingia kwenye damu kidogo sana, na dozi za kawaida za gramu 10 kwa siku hazijaonyesha matokeo ya kuaminika. Kama mtu lazima ajaribu kirutubisho, ningemwelekeza kwenye mafuta ya omega-3. Muhimu abadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja na akipe wiki 8. Ukianza glukosamini, matembezi na dozi mpya ya dawa wiki moja, utaisifu glukosamini kwa kazi ya miguu.

Na atakayeleta wazo la kuchoma kwa chuma cha moto au kupaka dawa za kubabua ngozi: hazifiki ndani ya kiungo, zinaleta kidonda na maumivu juu ya maumivu. Huyo farasi "anapona" kwa sababu baada ya kuchomwa analazimika kupumzishwa.

Fundi_Kwato:
Singa, umesema ncha inaburuzika. Basi angalia ukwato wa kulia nyuma: mbele umelika bapa, na pengine zaidi upande wa nje. Farasi mwenye maumivu hapo hainui mguu, anaupeleka mbele kwa upinde mdogo. Kazi ya fundi ni kumrahisishia ukwato kupinduka unapoondoka ardhini. Ncha ikatwe fupi na kuviringishwa, kisigino kipate msaada, pande mbili ziwe sawa. Kama amevishwa viatu vya chuma, viwe vyepesi, mbele vimeviringishwa, na visiwe na meno ya kushika ardhi. Ukwato unatakiwa kuteleza kidogo unapotua. Ukikwama ghafla, mshtuko wote unapanda kwenye kifundo.

Kila wiki 5 hadi 6 akatwe. Wiki 10 ncha imerefuka na umerudi ulipoanza.

Siku ya fundi, dawa yake ya maumivu apewe saa moja au mbili kabla. Mguu ushikwe chini, karibu na ardhi, ndani ya mstari wa mwili wake. Kosa kubwa la mafundi ni kuuvuta nje pembeni na kuuweka juu ya paja; kwa farasi huyu hilo linaumiza kama kile kipimo cha daktari cha kumkunja mguu ili aone kama atachechemea. Apewe mapumziko kila dakika moja au mbili, aruhusiwe kuweka chini. Farasi mzee akinyang'anya mguu si ukorofi. Na anza na mguu mgonjwa, kwa sababu kusimama juu yake wakati ule mzima unakatwa ndiko kugumu zaidi.

Singa_Ndefu:
Asanteni sana. Meloksikamu nimeacha, daktari amekubali gramu 1 kwa siku na damu imechukuliwa. Kuhusu mbavu: sizihisi mpaka nibonyeze, ila mgongo umekonda misuli, na shingoni juu kuna kigongo kigumu cha mafuta. Manyoya yake yamekuwa marefu na hayapukutiki kama ya wenzake. Pia anakunywa sana maji, nilidhani ni dawa. Daktari yuko tayari kumpiga sindano ya steroidi ndani ya kiungo wiki ijayo. Niendelee?

Jicho_la_Ukwato:
Simama hapo hapo. Manyoya marefu yasiyopukutika, misuli ya mgongo kupungua, kunywa sana: hiyo ni picha ya tezi ya pituitari, ile tezi ndogo chini ya ubongo, iliyozidisha kazi, ugonjwa wa kawaida kwa farasi waliopita miaka 15. Kigongo cha shingo nacho kinaashiria insulini, homoni inayosimamia sukari mwilini, imevurugika. Farasi wa namna hii yuko karibu na laminaitisi, yaani kuvimba na kuachia kwa tabaka linaloushikilia mfupa ndani ya ukwato. Steroidi inaweza kuwa kitu kinachomsukuma. Baridi yabisi haiui, laminaitisi inaua.

Vipimo kabla ya sindano: homoni ya ACTH, inayotolewa na tezi hiyo, kwenye damu, na insulini, hasa ile inayopimwa baada ya kumpa sukari ya kipimo. Katika nchi zenye majira manne, ACTH hupanda yenyewe kuelekea vuli, kwa hiyo matokeo yasomwe kwa kiwango cha mwezi husika. Ikithibitika, dawa ni pagolidi, mwanzo mikrogramu 2 kwa kila kilo kwa siku, yaani kwake kati ya nusu miligramu na miligramu 1. Siku za kwanza wengine hupoteza hamu ya kula. Daktari hushusha kidogo kisha hupanda taratibu.

Wakati unasubiri, kila siku papasa kwato zote nne na mapigo ya mshipa pembeni ya kifundo cha chini, kidogo kuelekea nyuma. Kwa farasi mzima mapigo hayo ni hafifu, unayatafuta. Yakidunda kwa nguvu miguu yote ya mbele, kwato zina moto, anaegemea nyuma au anabadilisha miguu kila mara, hiyo si baridi yabisi, na usimtembeze. Mpigie daktari saa hiyo hiyo.

Nyasi zake kavu ziloweke kwenye maji baridi dakika 30 hadi 60, mwaga maji. Sukari inapungua.

Dozi_Kwanza:
Naunga mkono, ila nisingependa Singa aondoke akidhani sindano ya kiungo ni sumu. Kwa farasi mwenye insulini ya kawaida ni tiba nzuri sana ya maumivu ya mahali pamoja. Hivi ndivyo inavyokwenda ikifika zamu yake.

Viungo viwili vya chini vya kifundo kile mara nyingi havina njia ya wazi kati yao. Kumpiga kimoja na kutegemea dawa ivuke hadi kingine ni kubahatisha. Daktari mwangalifu anaingia vyote viwili. Steroidi zinazotumika zaidi ni triamsinoloni na methiliprednisoloni. Hii ya pili inadumu zaidi lakini ni kali kwa gegedu, ndiyo maana wengine huiweka kwenye viungo visivyo na mwendo mwingi kama hivi. Triamsinoloni, madaktari wengi hawapitishi miligramu 18 kwa mwili mzima kwa mara moja. Baada ya sindano siku moja au mbili bandani, kisha kutembea kwa mkono, kazi nyepesi baada ya wiki hivi.

Hatari inayoogopwa ni wadudu kuingia ndani ya kiungo. Ngozi isuguliwe kwa klorheksidini dakika kadhaa, chupa ya dawa iwe mpya, glovu safi, farasi asimame kimya. Kama ndani ya wiki mbili atashindwa kukanyaga, kifundo kikavimba na kuwa cha moto, joto likapita 38.5, hiyo ni dharura ya saa, si ya kesho: kiungo kinatakiwa kuoshwa ndani. Usimpe fenilibutazoni ya kutulia ukasubiri asubuhi. Na jua kwamba steroidi yenyewe huzima dalili, kwa hiyo uambukizo unaweza kuchelewa kujionyesha.

Kwa asiyeweza kupata steroidi zipo sindano za msuli. Polisulfeti ya glikosaminoglikani miligramu 500 kila siku ya nne, jumla sindano 7. Au pentosani miligramu 3 kwa kilo mara moja kwa wiki kwa wiki 4, kwake miligramu 1,280 hivi. Pentosani inalegeza kuganda kwa damu, usiipange karibu na upasuaji. Ila fenilibutazoni ya sindano isiingie kwenye msuli kamwe. Ni ya mshipa tu, na ikimwagika nje ya mshipa nyama inakufa na kuoza. Kama mkono wako hauna uhakika, bakia kwenye unga.

Kama tumbo lake halivumilii fenilibutazoni, muulize daktari kuhusu firokoksibu, miligramu 0.1 kwa kilo mara moja kwa siku, yaani 43 hivi. Inagusa tumbo kidogo kuliko ile, lakini figo bado zinahusika, na usihame siku hiyo hiyo. Acha angalau saa 24 kati ya moja na nyingine.

Malishoni:
Kuna jambo watu wa picha za eksirei husahau kusema: viungo hivyo viwili vya chini huweza kuungana vyenyewe na kuwa mfupa mmoja. Vikishaungana maumivu huisha au hupungua sana, na farasi hapotezi mwendo, kwa kuwa karibu kukunjika kote kwa kifundo kunafanyika kiungo cha juu. Inachukua miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka, na wengine haifiki mwisho. Kwa hiyo picha inayozidi kuwa mbaya huku farasi akizidi kutembea vizuri isikutishe. Kiungo cha juu kikianza kuharibika ndiyo habari nyingine.

Halafu usingizi. Tazama mguu, lakini tazama pia anavyolala. Farasi anahitaji kulala chini nusu saa hadi saa moja kwa siku ndipo apate usingizi mzito. Kusimama hakumpi huo. Mwenye maumivu ya nyuma anaogopa kulala kwa sababu hana uhakika wa kuinuka. Dalili: michubuko mipya mbele ya vifundo vya chini vya miguu ya mbele au magotini, maana anasinzia akisimama na kuanguka. Manyoya hayana uchafu wa malalo ubavuni. Mpe malalo ya sm 20, banda la mita 4 kwa 4 au zaidi, sakafu isiyoteleza, na asiwe amebanwa ukutani.

Singa_Ndefu:
Michubuko ipo magotini, nilidhani amejigonga mlangoni. Leo nimeongeza malalo. Mawili ya mwisho: nitajuaje kama naendelea vizuri wakati nimezoea kumwona kila siku? Na unga huu ni mchungu, tangu nipunguze nafaka anaupuliza nje ya ndoo. Nimtilie molasi?

Jicho_la_Ukwato:
Molasi hapana, mpaka insulini ijulikane. Ni sukari tupu.

Kuhusu kupima, jicho la mwenye farasi linazoea, simu haizoei. Kila baada ya wiki mbili, asubuhi, kabla ya dawa, njia ileile ngumu iliyo sawa ya mita 30. Mtu amwongoze kwa kamba iliyolegea ili kichwa kiwe huru. Rekodi akitembea na akienda telki, kwanza kutoka nyuma, kisha ubavuni. Kutoka nyuma tazama mifupa miwili ya nyonga: upande wa mguu mgonjwa unapanda na kushuka zaidi ya mwenzake. Ubavuni tazama urefu wa hatua na kama ncha inachora ardhi. Andika pia dozi ya wiki hiyo, dakika za matembezi, na mzunguko wa kifua ili uzito usikupite.

Dozi_Kwanza:
Unga uchanganye na maji kidogo mpaka uwe uji mwepesi, uvute kwenye bomba la sindano la mililita 60 lisilo na sindano. Suuza mdomo wake kwanza, kama ana nyasi mdomoni atatema vyote pamoja. Simama ubavuni, ingiza ncha pembeni ya mdomo pale pasipo na meno, elekeza nyuma juu ya ulimi, sukuma taratibu kwa awamu mbili, kichwa kikiwa usawa wa kawaida. Usikiinue sana, uji usije ukaingia njia ya hewa. Mpe akiwa ameshakula nyasi, na vaa glovu: fenilibutazoni haifai kuingia kwenye mwili wa binadamu, na kwa sababu hiyohiyo farasi aliyewahi kuitumia asiingizwe kwenye nyama ya kuliwa. Bomba lioshe mara moja, ukiacha likauke na mabaki, kesho litakwama katikati na atakuwa ameshajifunza kukukimbia.